Aliyetaka Ndugu wa Marehemu Aje Mwenyewe

Kwa mara ya pili, sauti ya yule mfanyabiashara wa vitenge imenililia kwenye simu. Jumanne asubuhi, chai ikiwa bado mkononi, alituma odio, ujumbe wa sauti, katika kundi la simu la mtaa wetu hapa Kasongo: msomaji wa komunike za vifo redioni amefariki. Kidole changu kilishafika kwenye kitufe cha kusambaza. Nikakiondoa, nikavaa viatu, nikaenda nyumbani kwa huyo msomaji kuhakikisha. Njiani nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilinihusu mimi.

Wengi wenu mlimjua kwa sauti yake kavu. Miaka mingi alisoma matangazo ya misiba, akiwa na sharti moja lililowaudhi watu: ndugu wa marehemu aje mwenyewe studio, akae mbele yake, aseme jina. Karatasi iliyoletwa na jirani aliirudisha, hata jirani akiwa mtu mkubwa. "Nani alimuona na macho yake? Kama hakuna mutu, sisomi." Mfanyabiashara wetu ni kinyume chake kabisa. Anapendwa, anachekesha, anajua kulia, na hawezi kuvumilia mwingine atangulie kutoa habari. Akituma jambo, linafika mji wa Nyangwe kabla hujamaliza kulisikiliza.

Mwaka juzi shimo la dhahabu liliporomoka kwenye machimbo ya Salamabila. Mfanyabiashara akatuma odio akilia, akamtaja mchimbaji mmoja, mtoto wa pekee wa mama muuza mawese wa mtaani kwetu, kuwa kati ya waliofukiwa. Niliisambaza bila kuisikiliza hata nusu, niliamini machozi. Msomaji wa komunike naye aliandika katika kundi hilohilo: amepiga simu Salamabila, shimo limeanguka kweli, lakini majina bado hayajulikani, tungojee. Nikaona ujumbe wake umepoa. Hakuna aliyeupeleka popote, nami nikiwemo. Watu walikwenda redioni wakataka komunike isomwe, akakataa, wakamtukana kwamba hana moyo. Wakati huo yule mama, aliyeisikia odio, alishaanguka uani kwake, mdomo umepinda, upande mmoja wa mwili umekufa. Siku ya tatu mwanawe akashuka kutoka kwenye pikipiki, mzima. Alikuwa akichimba shimo lingine. Alipiga magoti akamwita. Mama alimtazama, machozi yakamtoka, lakini kusema hakuweza, na hadi leo hawezi. Mfanyabiashara akatuma odio nyingine ya kumshukuru Mungu, nayo ikasambaa, na watu wakamshukuru yeye kwa kuleta habari njema.

Wiki iliyofuata nilikutana na msomaji wa komunike sokoni. Hakunifokea. "Ndugu, ile odio ulisikiliza mpaka mwisho?" Nikacheka. "Mzee, siku hizi mambo iko mbio." Akanitazama, akaendelea kuchagua mihogo yake. Baadaye watu waliacha kupeleka komunike, redio ikamwacha akae nyumbani. Nyumba yake haiko mbali na yangu, na sikwenda.

Tunapenda kuilaumu simu. Simu haikuona aibu ya kuwa wa mwisho kujua, sisi ndio tuliiona. Habari inabebwa na tabia ya mtu: mwenye kiu ya kusifiwa anaikimbiza, mwoga anairudia asionekane mjinga, na mkweli asiye na sauti tamu tunampita. Hatuulizi kama ni kweli, tunaangalia nani katuma.

Nilipofika, ilikuwa kweli. Mjane alikuwa mkekani pamoja na dada yake. Nikamweleza kwamba nimekuja kuona mwenyewe kabla sijamwambia mtu. Akanionyesha simu ya mumewe, imejaa pole za watu wa kundi. "Hawa wote wamelia humu ndani ya simu," akasema. "Mwenye amekuja ni wewe tu. Yeye alisemaka utakuja siku moja."

Nilichojifunza ni kidogo, na kimechelewa: habari ya kifo iende kwanza kwa miguu, na ombi la radhi pia. Kutoka pale nilipita kwa yule mama wa mawese. Hawezi kusema, lakini anasikia. Nikamwambia kwamba kati ya waliomuua mwanawe kwenye simu, mmoja ni mimi. Akageuza uso, akatazama ukuta.