Rezista ya Kwenye Skrini

Siku yangu ya kwanza kazini, Newala, ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya karakana. Mkuu wa Karakana aliitikia shikamoo yangu, akanipa pasi ya kulehemu kabla hata sijaketi.

"Mama Asha, hapa tunajifunza kwa vidole," alisema. "Ukiungua, umeelewa."

Niliungua sana. Nilipohamishiwa chuo kimoja cha Masasi kufundisha elektroniki, aliniambia niondoke na pasi ile.

Somo nililolipenda lilikuwa rezista inayoamriwa na mkondo. Unafunga kitaa kidogo na rezista inayohisi mwanga pamoja, kwa utepe mweusi. Mkondo ukizidi kwenye kitaa, mwanga unazidi, na ukinzani wa rezista, yaani ule ubishi wake wa kupitisha umeme, unapungua.

Vifaa vikaisha. Niliomba vingine, nikaambiwa nivute subira mpaka nikachoka kuivuta. Ndipo nikaamua kumwonyesha Mkuu wa Chuo, kwenye kompyuta, kitu ambacho wanafunzi walikuwa wanakikosa. Programu ya saketi haikuwa na kifaa hicho, nikakiunda kwa fomula: ukinzani ni namba fulani iliyogawanywa kwa mkondo wa kitaa. Nilipozima kitaa programu iligoma, maana hakuna kugawanya kwa sifuri. Nikaongeza mkondo kiduchu ndani ya fomula, ikatulia.

Mkuu alitazama mstari ukipanda na kushuka, akapiga makofi. "Umetuokoa, Mama Asha! Sasa vifaa vya nini tena?"

"Mkuu, kitaa cha kweli kinachelewa kupoa. Hiki kinatii papo hapo."

"Si utaongeza fomula ya kuchelewa?"

Ningeweza, na hilo ndilo lililoniuma. Karakana yangu ikageuzwa ghala la korosho za chuo, zana zikarundikwa kwenye maboksi, pasi yangu ikiwemo. Nikafundisha kwa skrini hadi mwisho wa utumishi wangu. Vijana walifaulu vizuri tu, ila ukiwaita watengeneze spika ya msikiti wanaizunguka kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Nina hasira hadi leo, wala sioni aibu kusema.

Siku ya kuniaga nilipewa zawadi iliyofungwa kwa khanga. Nilipoifungua nikakuta pasi yangu ya Newala. Aliyenikabidhi, kijana aliyeongoza darasa langu la elektroniki, aliitazama, kisha akaninong'oneza kwa heshima:

"Samahani Mama, hivi hii ni ya nini?"

Nikamwonyesha pa kushikia.