Robo za Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu aliyenifundisha hesabu, ambaye sasa ni mwalimu mwenzangu, hufundisha nusu na robo kwa maboksi. Huyakatakata, hupuliza vumbi, kisha huwaambia watoto, "Macho hayadanganyi." Mkasi wake huning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na hamwazimi mtu. Jana, nikiwa nimeketi nyuma ya darasa lake, aliwapa mstatili wa boksi waugawe robo nne. Binti mmoja akachora mistari miwili tu, kona hadi kona. Zikatoka pembetatu mbili nene na mbili nyembamba. "Hizi robo za wapi, mwanangu?" Darasa likaangua kicheko, kalamu nyekundu ikashuka. "Naomba mkasi, Mwalimu." Sijui alipatwa na nini, akampa. Binti akazitenganisha pembetatu, akakata kila moja katikati, akavigeuzageuza vipande vyote vinane na kuvipanga kimoja juu ya kingine. Hakuna kilichozidi hata unywele. Loo! Mzee wa watu akaketi kwenye dawati la mtoto, mdomo wazi. Miaka ishirini na sita amelikosoa jibu hilo! Akanigeukia taratibu.

"Na wewe si ulichora hivi hivi?"

"Nilichora, Mwalimu."

"Mbona hukunionyesha?"

"Mkasi ulikuwa shingoni kwako."