Karatasi Yenye Jina Lake

Wasichana wanaosomea kazi ya kupima moyo huniuliza kama inalipa. Huwajibu kwamba inalipa kidogo na kwa kuchelewa, nao hucheka wakidhani natania. Sitanii hata kidogo. Nilikalia kiti kimoja miaka kumi na minne katika kliniki ya Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na saruji. Jinsi nilivyokipata kiti hicho sijawahi kumweleza mtu.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Mji ulikuwa unakua kwa fujo, kila wiki ploti mpya na vumbi jipya, na viwanda vya nguo vya upande wa Athi River vilikuwa vikituletea watu wapimwe kabla ya kuandikwa kazi. Mwenye kliniki alinunua mashine kuukuu ya kupima moyo, na aliyeijua ni mtu mmoja tu, mwanamume wa makamo kutoka Magharibi mwa Kenya, mpole, aliyevaa tai hata siku za joto. Mimi nilimwita Mwalimu kwa sababu ndiye aliyenifundisha. Niliajiriwa nimsaidie kwa kuwa kina mama hawakutaka kufunguliwa kifua na mwanamume. Nilikuwa nimetoka Kiserian, kwa mama yangu muuza nafaka, ambaye aliwaambia wateja wake kwamba binti yake amekuwa nusu daktari.

Mwalimu alinifundisha kusogeza shanga za kina mama wa Kimaasai bila kuzikata uzi, kupaka jeli, kubandika vikombe vya mpira kifuani na vibanio mikononi na miguuni. Alinifundisha kuisoma karatasi inapotoka, ile yenye mistari myekundu na milima midogo ya wino. Halafu akanipa sheria mbili. Ya kwanza: fundi hasemi. Hata ukiona kifo kimeandikwa pale, mgonjwa akikuuliza, unamjibu kwamba daktari atamwambia. Daktari wetu alitoka Nairobi kila Alhamisi, kwa hiyo wapo waliosubiri siku sita kuambiwa jambo nililokuwa nimeliona Ijumaa. Sheria ya pili ilihusu karatasi yenyewe. Ni karatasi ya joto, haipendi jua wala plastiki. Ukitaka idumu, ipige fotokopi, la sivyo baada ya miezi itabaki nyeupe.

Kuhusu mshahara sina mengi. Muuguzi alikuwa na daraja za kupanda na chama cha kumtetea. Mtu wa maabara alikuwa na cheti chake ukutani. Sisi tulijifunza kwa kuonyeshwa, na katika karatasi ya mshahara tuliandikwa wasaidizi, jina lile lile alilopewa mama wa kufua mashuka. Mwalimu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, hapa na kwingineko, na alinizidi kwa pesa za kulipia chumba kimoja. Hakukuwa na bima wala pensheni. Ngazi yetu ilikuwa na kipago kimoja, naye alikuwa amekisimamia.

Kisha hospitali moja ya misheni, upande wa Kajiado, ikatangaza nafasi ya fundi wa moyo. Ilikuwa na mshahara karibu mara mbili ya wake, nyumba, pensheni, na matibabu ya bure kwa mfanyakazi atakayemaliza miezi sita ya majaribio. Alifanya usaili akachukuliwa. Kilichobaki ni fomu ya afya, na fomu ilitaka karatasi ya moyo.

Alilala mwenyewe kitandani, tai ameitundika mlangoni, akaniambia nimpime. Karatasi ilianza kutoka. Mapigo yalikuwa mapana, yamelegea, halafu linaruka moja, halafu mawili yanakimbizana. Nilikuwa nimeona karatasi kama ile mara tatu tu, na wote watatu tulikuwa tumewazika. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono, akaisoma akiwa amelala vile vile.

"Nimejua tangu Pasaka," akasema. "Hizi ngazi zetu zinanimaliza."

"Mwalimu, nenda Nairobi utibiwe."

"Na pesa gani? Niko na watoto wanne kwa shule. Wacha nikuambie vile tutafanya. Pale misheni, miezi sita ikiisha, watanitibu bure. Ni miezi sita tu, dada. Lala hapa wewe."

Sikuelewa mara moja. Akaketi, akafunga vifungo vya shati, akapangusa vikombe vya mpira kwa pamba.

"Karatasi haijui kama ni ya mwanamume ama ya mwanamke," akasema. "Lala. Mimi nikienda, hii kiti ni yako."

Ningependa kuandika kwamba nililala kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini nililala pia kwa sababu ya kiti, na nilijua hivyo hata vikombe vikinibana kifuani. Moyo wangu ulikwenda mbio kidogo mwanzoni kisha ukatulia, ukachora milima yake sawasawa, na Mwalimu akaandika jina lake juu kwa mwandiko wake mzuri.

Siku ya Alhamisi daktari aliiinua ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Huyu mzee wenu ana moyo wa kijana," akasema, akatia sahihi. Nilisimama pale na faili mkononi. Ulikuwa wakati wangu wa kusema, nao ulipita wakati daktari akifunika kalamu yake. Mwalimu aliipiga fotokopi mbili, kama alivyonifundisha. Ile ya kweli aliniambia niichome. Sikuichoma. Niliificha kwenye albamu yangu ya picha, nikijidanganya kwamba siku mambo yakiharibika nitakuwa na ushahidi wa kumsaidia.

Akahamia Kajiado. Mimi nikakalia kiti, nikaongezewa pesa, nikamnunulia mama shuka mbili nzito. Na nikaanza kuishi kwa kalenda. Mwisho wa kila mwezi Mwalimu alipitia Kitengela akienda kununua vitu vya nyumbani, na kila mara alipumzika katikati ya ngazi kabla ya kunifikia. "Nimebakisha minne," alisema. Mwezi uliofuata, "Nimebakisha mitatu," na midomo yake ilikuwa imeingia weusi ambao haukuwa wa jua. Nilimsihi amwambie mtu. Akanijibu kwamba akisema atafukuzwa kwa kudanganya, nami nitafukuzwa pamoja naye. Nilinyamaza haraka kuliko ilivyofaa. Aliposema amebakisha miwili, mashavu yalikuwa yamembonyea na tai inamcheza shingoni.

Mwezi wa tano hakupita. Alianguka asubuhi moja mbele ya chumba chake cha kazi, zikiwa zimebaki wiki tano.

Mambo ya siku hiyo niliyapata kwa mkewe. Baada ya mazishi alikuja kliniki, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, akaketi kwenye kitanda kile kile kwa sababu hakukuwa na kiti cha pili. Alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja, na asubuhi hiyo ya kuja kwake nilikuwa nimeitoa albamu, nikiwa nimekata shauri kumwonyesha ukweli. Chini ya plastiki, kati ya picha ya ubatizo wangu na ya duka la mama, karatasi ya Mwalimu ilikuwa nyeupe. Ilibaki mistari myekundu tu, bila mlima hata mmoja.

"Alipoanguka walimlaza," mkewe akasimulia. "Walitaka kumpima moyo, lakini mwenye kujua hiyo mashine ni yeye tu, na ndiye amelala. Sasa wakatoa faili. Wakaona karatasi ya hapa kwenu. Wakasema moyo hauna shida, hiyo ni vidonda vya tumbo. Wakamwekea maji."

"Na yeye alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa macho, aliwasikia. Aliniuliza tu ni tarehe ngapi."

Alifungua mkoba akatoa bahasha yenye barua ya misheni. Misheni walikuwa wakitafuta mtu mwingine haraka, na Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba kuna msichana wake mmoja Kitengela anayeijua kazi kumshinda. "Nenda, dada," akaniambia. "Mshahara ni mzuri. Yeye angefurahi." Akaniwekea bahasha kiganjani na kunifunga vidole kwa mikono yake miwili, na hakuniachia.

"Lakini ni wewe ulimpima. Uliona moyo wake na macho yako. Kama huo moyo ulikuwa mzuri hivyo, ni nini ilimuua bwana yangu?"

Mashine ilikuwa kati yetu, imefunikwa kitambaa alichokishona Mwalimu mwenyewe.

"Daktari atakuambia, mama," nikasema. "Anakuja Alhamisi."