Basi Lisilo na Klachi

Siku niliyokabidhiwa basi jipya la kwenda Kakuma, mguu wangu wa kushoto ulitafuta klachi ukaikosa. Gia zilijibadilisha zenyewe, na mota ya umeme ilisaidia injini.

Mbele ya Lodwar tukafika kwenye laga, mto mkavu wenye mchanga mwingi. Hapo basi la zamani lilipoteza nguvu kila nilipobadilisha gia, likakwama. Nikakanyaga mafuta taratibu. Mota ikavuta papo hapo, bila kushtuka, tukapanda ng'ambo.

Mama yangu, aliyekaa kiti cha nyuma yangu akiwa amefumba macho na kuomba kama alivyozoea hapo, akauliza, "Tunaingia lini?"

"Tumeshavuka, mama."

"Hebu rudi, mwanangu. Nataka kuona."

Abiria wakacheka. Nami nilitamani kurudi.