Almasi Yangu Yenye Doa

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Rumonge, kwa hiyo mkinicheka nimestahili. Redio ilisema, kwa Kifaransa cha haraka, kwamba almasi yenye doa ndani yake inaweza kutoa mwanga punje moja moja. Vita vilikuwa vimetufungia maabara, nikataka wanafunzi waone japo jiwe lenyewe. Mchuuzi mmoja kutoka Uvira akaniuzia moja jeupe. Nilipomuuliza kama lina doa, alinitazama kidogo.

"Madoa iko mingi, mwalimu."

Nikafurahi zaidi.

Kwenye kizuizi cha Kigwena askari alinipekua, akalikuta mfukoni. Nikamwambia ni jiwe la kutoa mwanga.

"Mwanga wa kuita nani? Waasi?"

Nikaanza kueleza zile punje, Kifaransa kikaingiliana na Kirundi, mwishowe hata mimi sikujielewa. Nyuma yangu kwenye foleni walisimama wanafunzi wangu wawili. Askari akaliramba jiwe, akakunja uso, kisha akanikandamizia kidevuni, pale nilipojikata asubuhi nikinyoa ndevu, damu ikiwa bado inavuja. Likaniwasha vibaya.

"Mwalimu, hii iko shabu ya kinyozi," akasema. "Ona, damu imesimama."