Jino la Mnadi

Ukimtafuta mnadi wa samani zilizotumika, usihangaike kuuliza jina lake. Uliza Kengele yuko wapi. Sauti yake inafika barabara ya pili bila kipaza sauti, na kabati lenye mguu uliolegea, akilisifia yeye, watu wazima wawili nusura washikane mashati. Domo analo, tena domo tamu, na hapa mjini hatuna jingine kama lile.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Mzee alinadi mpaka siku mshipa wa damu ulipoziba kichwani, akaanguka sentensi haijaisha. Kiharusi kilimwachia akili, macho na mkono wa kushoto. Maneno kiliyachukua yote. Kengele humlisha uji kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila asubuhi hujiuliza lile lile: na mimi nikinyamaza je?

Kwa hiyo hospitali ilipotangaza kupima watu ambao wazazi wao waliugua kiharusi, alifika wa kwanza, shati limepigwa pasi utadhani anakwenda kuposa. Alitaka damu yake ifaulu. Siku ya majibu aliingia na mkewe.

"Presha iko juu kidogo, hiyo tutaitibu," nesi alisema. "Kilichonishtua ni protini moja kwenye damu. Ini huitoa kwa wingi mwili unapopambana na uvimbe. Kwa mtu ambaye inakaa juu siku zote, hatari ya kiharusi huwa kubwa zaidi. Lakini yako imeruka mno, na mara nyingi hapo kuna maambukizi mahali. Una kidonda, baba? Kikohozi? Jino?"

"Sina, sista. Mzima kabisa."

Mkewe akajikohoza. "Hebu muulize mbona haumi muhogo kwa meno ya mbele."

Kengele alimkata jicho, lakini siri ilishamwagika. Jino lake la mbele, la juu, lilikuwa limeoza siku nyingi na fizi inatoa usaha. Alikuwa akisukutua maji ya chumvi kwa kificho, akijiambia kwamba damu ni damu na mdomo ni mdomo, havijuani. Alichoogopa ni koleo la daktari wa meno. Mnadi mwenye pengo la mbele atanadi nini, maneno yakitoka na upepo? Watu watamcheka, kisha watamhama.

"Yaani baba watoto," mkewe alisema taratibu, "unalinda jino, sauti yote ipotee?"

Akilini Kengele alimwona baba yake wa asubuhi ile, kijiko mdomoni, akihangaika kumwita mwanawe na kutoa pumzi tupu.

"Ling'oeni," alisema.

Likang'olewa. Fizi ilipopona alipimwa tena, na ile protini ilikuwa imeshuka sana. Nesi hakumpamba kwa maneno: hatari haijafutika, dawa ya presha ni ya kila siku, na sigara anazovuta aziage. Kengele alikubali yote bila kubisha. Mkewe alitembea naye hadi nyumbani akiwa amemshika mkono, kichwa juu, kama mama wa bwana harusi.

Siku ya kurudi mnadani alimleta mzee kwenye kiti cha magurudumu, akamweka mbele kabisa. Halafu akapanda juu ya meza, akaonyesha sofa la kwanza, akafungua kinywa. Neno likatoka na mluzi. Umati ukaangua kicheko. Akajaribu tena, mluzi ukazidi, na mtu nyuma akaigiza. Kidogo tu ashuke akajifiche nyuma ya makabati.

Akamtazama baba yake. Mzee hakuwa akicheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapanda polepole, mpaka ukapita kichwa. Wanunuzi wote wanaijua ishara hiyo: anataka sofa kwa bei ya kuanzia.

Kengele akamnyooshea kidole. "Mzee ameanza!" akapaza sauti, mluzi na yote, na barabara ya pili wakageuka. "Nani anampita baba yangu?"

Kicheko kikakatika. Mikono mitatu ikanyanyuka kwa pamoja, na mzee, bila kuwatazama, akaupandisha wake tena.