Fremu ya Kona Kwenye Intaneti

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne cha masomo ya jioni, kwamba fremu za intaneti zilikuwa zinakaribia kwisha. Habari ilinifikia hivi: Wamarekani wamechukua zote za mbele, zile zinazotazama barabara kuu. Wazungu wengine wamegawana za katikati. Sisi tumebakiziwa za nyuma, upande wa vyoo, na hata hizo mwisho wake ni mwezi huu. Ukichelewa utakaa nje ya intaneti milele, wewe na wajukuu zako. Ila imebaki moja, moja tu, ya kona.

Aliyeniletea habari hiyo alikuwa dalali wa fremu, vile vyumba vya maduka vya kupanga, pale Kariakoo. Tulikaa naye dawati moja miaka mitatu ya shule ya jioni, dawati lililochongwa kwa watoto wa darasa la kwanza, hata mmoja akivuta pumzi ilibidi mwenzake aitoe. Hakuwa tapeli, na nataka hilo lieleweke mapema. Alikuwa amesoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungia karanga kwamba huko Ulaya watu wananunua majina ya kwenye intaneti na kuwauzia wenzao kwa bei ya kuua. Kwa dalali wa Kariakoo hapo hapakuhitaji tafsiri. Jina ni fremu. Aliyetangulia kuishika ukitaka ahame unampa kilemba, ile fedha ya kumwondoa, mbali kabisa na kodi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaweka jina lake kwenye moja ya nyuma, kupitia jamaa mmoja wa mjini mwenye kompyuta tatu na tai.

Msitucheke sana. Biashara ilikuwa ndiyo imeachiwa huria. Vitu ambavyo mama zetu walivipangia foleni toka alfajiri vilikuwa vinamwagwa chini barabarani, watu wanaviruka. Kila wiki kitu fulani kilikuwa kinafunguliwa na kingine kinabinafsishwa. Kwa hiyo ukituambia kuna kitu kinagawiwa mahali, hatukuuliza ni kitu gani. Tuliuliza foleni inaanzia wapi.

Na mimi nilikuwa na biashara ya kupeleka huko. Nilikuwa nauza khanga kwenye baraza la mzee mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa, katika mtaa ambao watu hupita wengi mpaka kivuli chako kinakosa pa kuangukia. Lakini sehemu ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama. Alianza kukaa pale enzi za uhaba, akiwa na doti mbili na mkeka. Hakulipa kodi wala hakuandikiana na mtu. Kila asubuhi, kabla mzee hajafika kutoka kwake Upanga, mama alifagia baraza lote, toka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho, akanyunyiza maji, ndipo akatandika mkeka wake upande wa kulia wa mlango. Mzee akifika anakuta kwake kumesafishwa. Anawasha udi mbele ya picha za miungu yake, anatoka mlangoni, anasema, "Mama, asante," na mkataba unakuwa umesainiwa kwa siku hiyo. Wakaenda hivyo mpaka magoti ya mama yalipogoma. Siku hiyo akaniita, akanikabidhi ufagio. Mkeka niliununua mwenyewe baadaye.

Jambo lingine aliloniachia ni wateja. Mama hakuwa anauza kitambaa, alikuwa anauza majibu. Mwanamke anakuja amevimba, wifi yake amempitia mlangoni na khanga yenye maneno. Anakaa, anaeleza kisa chote toka harusi. Mama anasikiliza, anapekua robota, anachomoa doti moja: *Nimekusikia, nasubiri umalize.* Mwanamke anaondoka amepona. Wengine walikuwa wameshahamia Muscat na Uingereza, na bado walimwandikia mama barua za ugomvi wao, kurasa nne nne, ili awachagulie. Ndugu akisafiri, doti inasafiri.

Sasa fremu ya kona ilitaka kilemba, na mimi kilemba sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni zile hatua nne za saruji kulia kwa mlango.

Dalali wangu akamleta mtu. Muuza redio, mwenye spika kubwa kama makabati ya nguo, anayetafuta mahali pa kuzisimamisha zipige kelele. Alilitazama baraza kama mtu anayetazama shamba la urithi. Jumatano akanitia mkononi kishika uchumba, sehemu ya kwanza ya kilemba, akasema Ijumaa baada ya swala analeta spika, ananimalizia changu kilichobaki. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, "Nikikuta mkeka, nitaukunja mwenyewe."

Nikakubali. Mzee wa duka nilipanga kumwambia kwamba huyu ni binamu yangu, anashika nafasi kwa muda. Mama nilipanga kumwambia baadaye, nikishatajirika. Hesabu zangu zilionyesha ningetajirika baada ya kama wiki mbili.

Lakini fedha ile niliiweka mfuko wa shati, ikawa inanichoma kama kaa la moto. Kila mtu mwenye redio aliyepita niliona anakuja kukunja mkeka.

Alhamisi jioni nikamkuta mama nyumbani, Jangwani, tunakokaa ukingoni kabisa, mahali ambapo mvua zikizidi samaki wanabisha hodi. Alikuwa amenyoosha miguu anaikanda kwa mafuta. Nikamweleza habari za intaneti. Nilieleza vizuri kupita mwalimu yeyote aliyenifundisha: duka lisilofungwa, dunia nzima inapita mbele yako, Mjapani anataka doti, Mkanada anataka doti, nami nimeshapandisha bei mara mbili ili wapate pa kupunguziwa. Habari ya baraza sikuigusa.

Akaendelea kukanda magoti. Halafu akauliza, "Sasa hao watu, watapita njia ipi?"

Nikamwambia njia zote, mama, ni fremu ya kona.

"Wapite waende wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama nimefagia asubuhi. Nikasema nimefagia. Ilikuwa kweli, lakini ilitoka mdomoni kama uongo.

Ijumaa nikaamka mapema mno. Nikafagia baraza, nikanyunyiza maji, nikaona kona moja haijakaa sawa, nikafagia tena. Mzee alipofika akasimama kwenye ngazi, akatazama saruji, akanitazama mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umefagia kama mtu anayehama."

Nikasema vumbi limezidi siku hizi. Akaingia ndani kuwasha udi wake.

Kilichoniokoa ni tabia ya Kariakoo yenyewe. Hakuna mtu wa pale, hata awe mjinga namna gani, anayelipia fremu bila kuikagua. Unaingia, unatazama paa kama linavuja, unapima mlango kwa hatua, unamwuliza jirani kama mwenye nyumba ni mkorofi. Nami nilikuwa nakaribia kutoa kilemba kwa fremu ambayo sijaweka hata unyayo. Nilipomwambia dalali anipeleke nikaione, alikuna kichwa, akasema hizo hazionyeshwi hovyo.

Mtu mmoja tu niliyemjua angeweza kunionyesha. Binti wa mzee wa duka alikuwa amefungua kafe ya intaneti Upanga, chini ya ghorofa lao. Nilimjua toka akiwa na sare za shule, akipita dukani kwa baba yake na kumwomba mama amsomee maneno ya khanga. Ubaya wake ni huo huo: alikuwa binti wa mzee. Nikienda, na nikateleza ulimi, baba atajua kabla sijavuka barabara kurudi. Nisipoenda, muuza redio anakuja.

Karibu na adhuhuri nikamwomba jirani aniangalizie robota, nikaondoka. Nilitembea kutoka Kariakoo mpaka Upanga kwa kasi ambayo baiskeli zilinipisha. Kafe ilikuwa na kompyuta sita na feni moja iliyokuwa ikigawa upepo kwa zamu. Yule dada alikuwa kaunta.

"Kaka, mambo? Mama hajambo magoti?"

Nikasema poa, hajambo. Nikamsogezea karatasi niliyoandika jina la duka langu la baadaye, nikamwomba kwa sauti ya chini anionyeshe kama fremu hii bado ipo. Neno fremu lilimfanya anitazame kidogo, lakini akachukua karatasi. Akaandika. Simu ya kompyuta ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha tukasubiri. Tulisubiri muda ambao maharage ya jana yangeiva mara mbili. Nje niliwaona wanaume wenye kofia wakielekea msikitini, na kila aliyepita nilihesabu kama dakika.

"Liko wazi," akasema.

"Mpaka lini? Mwezi huu?"

"Mpaka mtu alichukue. Hata mwakani utalikuta, nani alitake?" Akanitajia na ada yake ya mwaka. Ilikuwa kama bei ya doti chache tu. Halafu akaniuliza kwa nini natoka jasho.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Ijumaa ile swala ilinipita, Mungu anisamehe, nilikuwa barabarani nakimbia. Nilipokunja kona ya mtaa wetu nikaona spika moja imeshasimama barazani, nyeusi, imenizidi urefu. Khanga zangu zilikuwa zimerundikwa kwenye nguzo. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Na mlangoni alisimama mzee, mikono nyuma.

Hakunipigia kelele. Angenipigia ningepata nafuu. Aliuliza tu, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Kijana, huyu ni nani?"

Neno binamu lilikuwa tayari ulimini. Nililiandaa siku mbili. Muuza redio alikuwa ananitazama, jirani ananitazama, na hata ile spika, naapa, ilikuwa inanitazama.

"Ni mtu niliyemkosea, mzee," nikasema. "Nimemwahidi kitu kisicho changu."

Nikatoa fedha mfukoni, ikiwa imelowa jasho, nikamrudishia muuza redio mbele ya wote. Alihesabu polepole. Kisha akamgeukia jirani, kana kwamba mimi sipo, akasema, "Huyu bwana aliniambia anahamia kwa Wamarekani." Jirani akaangua kicheko, na mtaa mzima ukapokea. Waliokuja kuibeba ile spika walikuwa wanacheka mpaka waliiangusha mara mbili.

Mzee hakucheka. Alinisogelea, akaokota mkeka, akanipa mkononi kama anavyompa mteja kitambaa kilichokwisha kupimwa.

"Fagia tena," akasema. "Wamechafua."

Nikafagia. Hakuuliza zaidi, wala habari hiyo hakumfikishia mama. Mama nilimweleza mwenyewe, usiku ule ule, na adhabu yake ilikuwa kunyamaza siku tatu. Kwa mtu aliyeishi kwa kuwachagulia wengine maneno, kimya chake kilikuwa kirefu kama mwaka. Jamaa wa tai na kompyuta tatu, dalali aliporudi kumtafuta, alikuta mlango una kufuli na muuza mihogo barazani.

Mngedhani nilikuwa nimeelimika. Wapi. Nilichoelewa mimi ni kwamba fremu zipo nyingi na ni za bei nafuu. Suala la kona lilikuwa bado linanisumbua. Jumatatu nikarudi Upanga, safari hii natembea kama binadamu wa kawaida, na ada ya jina mfukoni niliyoipata kwa kuuza khanga. Nikamwambia yule dada niko tayari, ila kabla sijalipia aniambie ukweli kama ndugu: hilo jina langu limekaa upande gani? Ni mbele, au ni kule nyuma upande wa vyoo?

Akaacha kuandika. Akaangalia kama natania, akaona sitanii. Akavuta kiti, akanikalisha, akanisukumia ile fedha irudi upande wangu wa kaunta.

"Kaka, hakuna mbele wala nyuma. Kona hakuna, na mpita njia hayupo hata mmoja. Anayefika kwako ni yule anayelijua jina lako akaliandika mwenyewe, au ameambiwa na anayekujua. Kwa hiyo usianze na jina. Nenda nyumbani, toa zile barua za mama, uandike wanawake wote waliomwandikia, mmoja mmoja, na wanakaa wapi."